Kompyuta ya Shangazi Haifutwi

Kahawa kwenye benchi la kijiwe, mbele ya duka la rangi, ilikuwa bado ya moto, lakini Shangazi, fundi cherehani wa mtaa, hakuwa na hamu nayo. Kompyuta yake ilikuwa mapajani, imefungwa. Mtoto wa kaka yake alikuwa ameiwekea mfumo mpya wa kuiendesha kando ya ule wa zamani, kisha akasafiri, na simu yake haipatikani. Tangu asubuhi kila akiiwasha, kioo kinakuwa cheusi, maandishi meupe yanatokea, naye anaizima mbio kabla haijaungua. Kwenye ule mfumo wa zamani ndiko iliko mitindo yote ya darizi aliyoichora mwenyewe, na bibi harusi anakuja kesho kuchagua wake.

— Futa yote uanze upya, — alisema Injinia, ambaye jina hilo alijipa mwenyewe. — Mifumo miwili ni wake wenza. Mke mdogo kamfungia mkubwa nje.

— Sifuti.

— Si wivu bwana, ni uzito, — alidakia Spika, dereva mstaafu. — Gari moja, injini mbili! Mimi ningeiinamisha, mfumo mmoja umwagike.

— Umwagike wapi, kwenye gauni langu?

— Basi ianikwe juani, — Injinia akapanda dau. — Niliona moja imeanikwa, ikawaka yenyewe na kuanza kuimba.

— Iliimba nini? — Spika akauliza.

— Nyimbo za kigeni, sikuzielewa. Shangazi, acha ubishi. Mitindo utachora mingine.

Hapo damu ikamchemka.

— Nichore mingine? Wewe umewahi kuchora hata duara? Macho yangu yameishia humu ndani! Anayetaka kuifuta hii kompyuta aanze na mimi.

Mwanamke mmoja aliyeshika baiskeli, akisubiri kahawa yake, akauliza taratibu:

— Samahani, hayo maandishi meupe yanasemaje?

Injinia akakohoa. Spika akainama kufunga kamba za viatu, na alikuwa amevaa ndala. Shangazi mwenyewe aliona haya: ameyakimbia tangu asubuhi bila kuyasoma.

Akaifungua, akaiwasha. Kioo kikawa cheusi. Safari hii hakuizima. Akasoma kwa sauti, kidole kikifuata maneno:

— “Chagua. Mfumo mpya. Mfumo wa zamani.”

— Mpya! — Spika akapiga kelele.

— Niachie mimi mtaalamu, — Injinia akanyoosha mkono.

Shangazi akauchapa mkono ule ukarudi ulikotoka. Akashusha mshale hadi mstari wa pili, akabonyeza kwa nguvu. Mfumo wa zamani ukafunguka, na maua yake ya darizi yakajaa kioo kizima.

— Ungetushirikisha kidogo, — Injinia akanung’unika.

— Kwa lipi? Kompyuta imeniuliza mimi.