Maisha ya Nusu Juu, Mwalimu wa Kwaya ya Wanaume wa Getini

Ndugu, majirani, na ninyi wanaume thelathini na wanane mliokaa upande wa kushoto mkiwa mmevaa sare, familia imemtuma kitinda mimba wa marehemu asome maisha ya baba yetu, na yatasomwa yote kama mama alivyoyapitisha jana mchana, pamoja na sehemu moja ambayo kaka mkubwa hakutaka isomwe hadharani, kwa hiyo tunaomba mtuvumilie mpaka mwisho.

Baba yetu alizaliwa tarehe 9 Agosti 1957, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya reli, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto sita wa baba mpakia mizigo na mama mshona magodoro. Alianza darasa la kwanza Januari 1965 na kumaliza la saba mwaka 1971, na huko ndiko mwalimu wa hesabu alikomfundisha kusoma noti za do, re, mi ubaoni, akamwambia kwamba sauti ni kitu cha kupimwa, si cha kukisiwa, neno ambalo baba alilishika kama sheria na lililomtafutia ugomvi na watu wengi maisha yake yote.

Tarehe 3 Mei 1976 aliajiriwa katika kiwanda cha mablanketi, chumba cha kufumia, chenye mashine sitini na nne zilizopiga kelele kiasi kwamba wafanyakazi walizungumza kwa midomo na vidole tu, na alipopewa pamba ya kuziba masikio aliikataa, akamwambia msimamizi wake, "Nikiziba, nitajuaje mashine ipi inalia?" Alifanya kazi humo miaka ishirini na sita, hadi kiwanda kilipofungwa tarehe 31 Oktoba 2002, na tangu hapo alitengeneza vyerehani katika chumba chetu cha mbele, ambako mpaka leo kuna vyerehani vitatu vya watu, na wenyewe wanaombwa wavifuate kwa mama.

Kwaya ilianza kiwandani mwaka 1988, zamu zilipokuwa zikipishana saa nane mchana, ambapo waliotoka ndani walisimama getini na kuimba pamoja ili kila mtu ajue kama bado anasikia, na baba ndiye aliyewapanga, tena, yaani sauti za juu, upande huu, besi, sauti za chini, upande ule, akawafundisha kwa kuandika noti kwa chaki kwenye ukuta wa geti. Hakuridhika kirahisi, kila walipomaliza ubeti aliinua kidole gumba na kusema, "Nusu juu, ndugu zangu, mmelala," yaani wapande nusu sauti, mpaka wakambandika jina hilo, na hata sisi watoto wake tuliitwa shuleni watoto wa Nusu Juu.

Alifunga ndoa na mama yetu Jumamosi tarehe 2 Juni 1984. Mama ni dada wa kinyozi wa barabara ya sokoni, mjomba wetu, ambaye aliingia kwenye kwaya mwaka uliofuata kufungwa kwa kiwanda akiwa mwimbaji wa tena ya kwanza, na wote mnaomjua mnajua kwamba mjomba hana uwezo wa kudanganya, si kwa sababu ya utakatifu, ila uso wake humsaliti kabla hajafungua mdomo, hata wateja wake husoma usoni mwake kama kichwa kimeharibika. Mungu aliwajalia baba na mama watoto wanne, kaka mkubwa aliyezaliwa mwaka 1986, dada wawili waliozaliwa 1990 na 1995, na kitinda mimba aliyekuja mwaka 2006 bila kutarajiwa na mtu, ambaye alisimamisha masomo kidato cha pili mama alipovunjika nyonga, akabaki nyumbani.

Mwaka 2021 daktari alimwambia baba kwamba moyo wake umetanuka na kwamba apunguze kazi, baba akapunguza vyerehani, kwaya hakuigusa. Lakini ugonjwa uliomtesa zaidi haukuwa wa moyo. Masikio yake yalikuwa yameanza kumwacha, na yalimwacha kwa hila, kwa sababu maneno aliyasikia, hodi aliisikia, ila sauti za muziki zilimfikia zikiwa zimepanda kuliko zilivyo, na kwa kuwa tangu getini ni yeye aliyetoa sauti ya kuanzia kwa kinywa chake, bila ala yoyote, alianza kuwaanzishia wanaume chini, kila mwezi chini zaidi kidogo, naye mwenyewe hakujua.

Wanaume walijua, ila walielewa vingine. Dereva wa lori, ambaye ndiye besi yetu nzito kuliko wote, alituambia juzi hapa msibani kwamba walikubaliana kuwa mwalimu anawahurumia, kwamba ameona makoo yamezeeka akaamua kuwashushia bila kuwaaibisha, na wakaona si adabu kumshukuru kwa jambo alilolifanya kwa siri, basi wakanyamaza. Kwa kweli walifurahi. Besi walikuwa wanafika chini mpaka wanahema tu bila sauti, na hakuna aliyenung'unika.

Ndivyo walivyofika mwaka huu wa 2023, kwaya ikiwa imealikwa kwenye matamasha mawili, la kwanza Jumamosi tarehe 11 Machi katika ukumbi wa chuo cha wauguzi, la pili Jumamosi tarehe 18 Machi katika ukumbi wa mji, ambako kwaya yetu haijawahi kukanyaga, na kwa mara ya kwanza wangeimba na kinanda. Alhamisi tarehe 9 Februari, katika bwalo la shule ya msingi, alikuja mpiga kinanda, mama mmoja muuguzi, mpole, mwenye miwani, akasikiliza baba akitoa sauti, wanaume wakaanza, naye akaingia na kinanda mahali palipoandikwa, na wimbo ukavunjika palepale kama sahani.

Wakarudia mara tatu. Mara ya tatu baba alimgeukia muuguzi na kusema, "Mama, kinanda chako kimeharibika."

Muuguzi akajibu taratibu, "Mwalimu, kinanda hakijakosea."

"Basi nani amekosea, mimi?"

Benchi zikalia, na dereva wa lori, ambaye hakuvumilia kuona mwalimu wake akisimamishwa namna ile mbele ya mgeni, akapaza sauti, "Kinanda kinapandisha! Hata mimi nasikia kinapandisha!" na wanakwaya wenzake, mlinzi wa benki na fundi bomba, wakaunga mkono, mpaka ikawa bwalo zima wanaume wazima wanakisingizia kinanda. Baba aliwatazama mmoja mmoja. Alipofika kwa mjomba kinyozi alimkuta anatazama viatu vyake, amekunja uso kama mtu aliyetafuna ndimu, na hapo baba akajua kwamba kinanda hakijakosea.

Kesho yake Ijumaa alikwenda kwa muuguzi, akaazima kile kinanda, akakiweka juu ya meza ya vyerehani na kumwita mama kutoka jikoni.

"Mama watoto, nitabonyeza hapa, wewe uimbe kinavyolia."

"Mimi? Mimi sijui kuimba, miaka yote hii hujajua?"

"Najua. Ndiyo maana nimekuita, wale wengine wote wanataka kunifurahisha."

Mama akaimba, amekunja kitambaa cha vyombo mkononi, na kila baba alipoimba baada yake mama alitikisa kichwa, akasema, "Uko chini, baba, bado uko chini," mara sita, mara saba, na kila mara baba alipanda mpaka mahali ambapo yeye alisikia ni juu mno, ndipo mama akaitikia kwa kichwa. Baba akafunika kinanda. Mama anasema hakula mchana huo, alikaa akifungua na kufunga skrubu moja ya cherehani mpaka jua likaondoka dirishani.

Hii ndiyo sehemu ambayo kaka alitaka ifutwe, akisema baba aliishi na heshima na azikwe nayo, na mama akamjibu kwamba heshima ya mumewe ilianzia Jumanne ile, kwa hiyo tunaisoma. Jumanne tarehe 14 Februari baba alisimama mbele ya kwaya, akasema masikio yake yameharibika na yamekuwa yakiwapoteza kwa muda asioujua, kisha akauliza, "Nani alikuwa anajua tunashuka? Anyooshe mkono." Mjomba kinyozi akanyoosha mkono, halafu dereva wa lori, halafu mikono yote ikawa juu, thelathini na minane, na baba, ambaye hakuwahi kuwapigia kelele hata siku moja, akapiga meza kwa kiganja.

"Yaani mngeniacha niende pale mbele ya mji mzima niwavue nguo?"

"Mwalimu, tulidhani unatuhurumia," alisema dereva.

"Nani alikwambia mimi nina huruma?"

Mlinzi wa benki akacheka kwanza bila kutaka, wengine wakafuata, ila baba hakucheka. Aliwaambia wana njia mbili, wamtafute mwalimu mwingine jioni ile ile, au wakubali kuanza nyimbo zote upya kwa wiki tatu na siku zilizobaki, na hakutoka nje wao wajadiliane, alikaa pale pale kwenye benchi akawasikiliza wakimjadili, kwa sababu alisema amechoka kusemwa kwa adabu. Fundi bomba alisema wazi kwamba mwalimu apumzike. Wengine kumi na mmoja walikubaliana naye, na baba hakuwachukia, mmoja wao amebeba jeneza leo.

Waliobaki walishinda, na kazi ikagawanywa hivi, muuguzi atoe sauti ya kuanzia kwa kinanda, baba ashike mikono, yaani aongoze kwa mikono tu, na mjomba kinyozi asimame mstari wa mbele, katikati, kwa agizo moja tu, "Shemeji, usijizuie, wakishuka ukunje uso kama ulivyozoea, mimi nitakuwa nakutazama wewe." Mjomba alilalamika kwamba anafanywa kichekesho. Lakini ilifanya kazi, kwa tabu, Jumanne na Alhamisi, besi wakitoa jasho kupanda mahali walipopasahau, tena wakipasuka sauti, baba akishika kifua kila baada ya wimbo na kukataa kiti.

Tamasha la kwanza lilifanyika tarehe 11 Machi kama ilivyopangwa. Kwenye wimbo wa tatu, waimbaji wa tena ya pili walianza kushuka, mjomba akakunja uso mpaka watu wa viti vya mbele wakadhani anaumwa na tumbo, baba akainua kidole gumba, wakapanda, wakabaki juu mpaka mwisho, na ukumbi ukasimama. Sisi tuliokuwa nyuma tuliona shati lake limelowa mgongo mzima.

Jumapili tarehe 12 Machi saa nne asubuhi alianguka chumba cha mbele, akapelekwa hospitali, akalazwa wodi ya wanaume, kitanda cha dirishani. Jumatatu alipata nafuu ya kuzungumza, akiwa na mama na mjomba pembeni, akasema, "Nikienda kabla ya Jumamosi, wasiniimbie."

Mama akamwambia, "Baba wewe, acha maneno hayo."

"Sijasema nakwenda. Nimesema nikienda. Mtu akiimba huku analia koo linavimba siku tatu, na mimi nimewapandisha kwa jasho, hawatakwenda ukumbi wa mji na makoo ya msibani. Shemeji atashika mikono."

Mjomba akasema, "Shemeji, watu watasema tumekuzika kama mwizi. Na mimi mikono siwezi."

"Watu waseme Jumapili, baada ya tamasha," alisema baba, akafumba macho, na hakurudia tena jambo hilo. Alifariki Jumanne tarehe 14 Machi 2023, saa tisa na dakika ishirini alasiri, kwa moyo kushindwa kufanya kazi, akiwa na umri wa miaka sitini na mitano.

Jana katibu wa kwaya alileta barua ya kuahirisha tamasha, akaomba familia iikubali, akasema wanaume hawawezi kusimama bila yeye, na wengi walitaka angalau leo waimbe nyimbo mbili kaburini, na kaka mkubwa alikuwa upande wao, kwa machozi. Familia imekaa, imebishana kuliko ilivyowahi kubishana, na mama ameamua. Barua imerudishwa kwa katibu asubuhi hii. Kwa hiyo, wajomba, baba zetu, pamoja na sare zenu mlizopiga pasi, jeneza likishushwa hamtaimba, tutasimama kimya sote, atakayelia alie bila sauti. Na wewe mjomba kinyozi, uliambiwa Jumatatu kwamba utashika mikono, ukasema huwezi, na familia haijalikubali hilo kuwa jibu, mama amesema uulizwe tena mbele ya watu wote, na usijibu kwa mdomo, uso wako tunauona.

Familia inawashukuru daktari wa moyo na wauguzi wa wodi ya wanaume waliompa baba kitanda cha dirishani alichokiomba, tunamshukuru mpiga kinanda aliyemwambia ukweli siku ya kwanza tu ya kumfahamu, tunawashukuru majirani waliotuletea maji, viti na turubai, na wafanyakazi wenzake wa kiwanda, hasa wale ambao leo hawasikii haya yanayosomwa na wanatazama midomo, tunawashukuru kwa vidole vyetu.

Wanaume wa Getini, leo ni Alhamisi, mazoezi ni saa kumi na moja kamili jioni, bwalo litakuwa wazi.

Baba yetu, nenda ukapumzike, amani iwe juu yako.