Mwalimu Mbarouk Silima, Mwandishi wa Wanyama Asiyetaja Pahala

Kabla ya kusomwa tarehe za marehemu, familia inapenda kuliweka sawa jambo moja. Mwalimu Mbarouk Silima Haji hakuwahi kuandika uongo gazetini. Mengi yamesemwa katika mabaraza ya Malindi tangu mwaka 2021, na baadhi ya waliosema wamo humu hitmani leo. Wamekuja kwa heshima na wamepokewa kwa heshima. Ni kweli kwamba makala zake za miaka ya mwisho ziliandikwa kwa mkono wa mkewe, Bi Radhiya Mwalim, kwa sababu macho ya marehemu yalikuwa yamekwisha. Hakuna hata sentensi moja aliyoiongeza mke. Karatasi hii pia ameiandika yeye, na inasomwa na mwanawe, Ayoub, kwa kuwa mwenyewe yumo edani.

Marehemu alizaliwa Mkokotoni tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa nne wa Mzee Silima Haji, dalali wa mnada wa samaki, na Bi Mwanapili Ayoub wa Tumbatu. Mama yake alikuwa akisema, “Huyu ukimtuma kuni, atakurudia na habari.” Mara nyingi alikutwa amelala kifudifudi njiani akitazama siafu, na kuni hazijaokotwa.

Alihitimu Kurani chuoni kwa maalim wa mtaani kwao, akasoma skuli Mkokotoni, akaja mjini kwa sekondari, kisha akaingia chuo cha ualimu mwaka 1971. Kuanzia Januari 1974 mpaka alipostaafu mwaka 2007 alisomesha biolojia katika skuli za Amani na mjini. Wanafunzi wake wanakumbuka kwamba hakuchapa mtu kwa kukosa jibu, ila kwa kuandika alichokiona mwenziwe.

Alimuoa Bi Radhiya, mwalimu wa jiografia, Ijumaa ya tarehe 12 Oktoba 1979. Siku alipokuja na wazee wake kuposa, alikaa ukumbini shingo kaiinua kwenye boriti muda wote wa mazungumzo. Baba yake Radhiya, Mzee Mwalim, alivumilia, mwisho akachoka.

“Bwana mdogo, unahesabu boriti zangu?”

“Hasha, mzee. Namtazama mjusi kafiri. Ana mayai mawili tumboni, yanaonekana.”

Wazee wake waliinamisha vichwa kwa aibu. Mzee Mwalim alisimama akamtazama mjusi, akayahesabu mayai, akakaa. “Kweli mawili,” alisema. “Haya, tuendelee. Huyu angalau haongopi.”

Mwaka 1993 alianza kuandika safu ya “Viumbe Wenzetu” katika gazeti la wiki la Upeo wa Visiwani, na hakuiacha mpaka mwaka aliofariki. Alikuwa na kawaida moja ya kazi: jambo hakuliandika mpaka alishuhudie mara tatu, kwa siku tatu mbalimbali. Aliandika juu ya komba, chozi, popo, kaa wa mikokoni, na kunguru aliyeiba sabuni za wake za watu Ng'ambo.

Mwaka 1997 alifanya kosa, na familia hailifichi kwa sababu mwenyewe hakulificha. Aliandika kwamba amemwona paa nunga, yule paa mdogo aliyebaki mchache misituni, na mtoto wake, akautaja msitu kwa jina, upande gani na nyuma ya shamba la nani. Alidhani watu wakijua watafurahi na kumlinda. Jumapili iliyofuata wasasi wakaingia na mbwa na nyavu. Jumatatu alikwenda, akamkuta msasi mmoja mtu mzima anakunja wavu wake.

“Ahsante, mwalimu,” yule msasi alimwambia, tena kwa moyo safi. “Gazeti lako limetupunguzia mwendo.”

Siku ile hakula. Aliweka nadhiri kwamba hatotaja tena pahala pa kiumbe chochote. Mhariri wake, Bwana Anuar, alimlalamikia kwamba makala bila ya pahala ni barua bila ya anuani. “Ndivyo nitakavyo,” alijibu. “Isifike.”

Kisukari kilimpata mwaka 2008, na kufikia mwaka 2019 alikuwa haoni kabisa. Kila Alhamisi mkewe alimwendesha kwa gari, akamshika mkono mpaka ndani ya msitu. Alhamisi moja ya Juni 2021 alisimama ghafla, akatega sikio. Juu ya miti kima walikuwa wakila maua na kuyadondosha.

“Radhiya, usitazame juu. Tazama chini yao. Kuna mtu mwepesi anaokota.”

Radhiya alitazama. Paa nunga jike, mwekundu, ana madoadoa meupe miguuni, na mwanawe nyuma. Mume alitaka kurudi mara mbili nyengine, na mara zote mbili paa alikuwapo. Ndipo alipomwambia mkewe achukue kalamu.

Makala ilipotoka bila ya pahala, barazani walicheka. “Kipofu kaona paa, kesho kiziwi atasikia ngoma.” Wengine walisema mke ndiye mtungaji. Bwana Anuar alikuja nyumbani, ameudhika kwa ajili ya rafiki yake.

“Mwalimu, nipe jina la msitu tu. Niwafunge midomo.”

“Midomo utaifunga. Na mbwa je?”

Bwana Anuar hakulirudia neno hilo. Marehemu alikwenda msikitini na kurudi kwa miaka mitatu na nusu akipita mbele ya baraza lile lile, akitoa salamu yeye kwanza.

Figo zilimsumbua tangu Agosti 2024. Alifariki nyumbani kwake Malindi Jumatatu tarehe 10 Februari 2025, baada ya sala ya alfajiri, akiwa na akili zake, na akazikwa Mkokotoni alasiri ya siku hiyo. Ameacha mjane, Bi Radhiya; watoto watatu, Wanu, Ayoub na Yusra; wajukuu saba; na dada yake, Bi Mwatima Silima. Mwenyezi Mungu amsamehe, ampe kauli thabiti na ampumzishe kwa amani.

Jana, mkekani, jirani mmoja alimwambia mjane kwa nia njema: “Bi Radhiya, nadhiri ilikuwa yake, si yako. Pataje, ulikoshe jina la mumeo.”

Bi Radhiya anapajua pahala penyewe, na anajua kwamba akipataja leo, kesho hakuna atakayemwita mumewe mwongo. Watakaotaka kumwita hivyo wamwite. Hapataji, na wala asiulizwe tena.