Karatasi Ambayo Mwalimu Évariste Hakuirudisha

Wapendwa ndugu, majirani wa Kikula, walimu na wanafunzi mliolala nasi hapa kilioni, mimi ni Floribert, mdogo wake marehemu, familia imeniweka mbele yenu nisome maisha yake, nami nitasoma yote, hata yale ambayo wengine nyumbani walitaka nikate.

Évariste Kalumba Mwepu alizaliwa hapa Likasi, katika Kikula, tarehe 14 Novemba 1966, mtoto wa kwanza wa Papa Mathieu, mvunja mawe wa Kakontwe, na wa Mama Michelle, aliyeuza sokoni samaki wakavu wa ziwa Tshangalele. Alisoma shule ya msingi tangu 1972 hadi 1978, akapata diploma ya sekondari mwaka 1984, na kwa kuwa baba alikuwa amekwisha kufa, akaingia kazi katika kiwanda kidogo cha kusaga mawe, ambacho leo hakipo tena, akakaa humo miaka tisa akimeza vumbi ili sisi wadogo tusome. Mwaka 1994 alikwenda Lubumbashi kusomea afya ya kazini, na tarehe 8 Agosti 1998 akafunga ndoa kanisani na Mama Marcelline, Mungu akawapa Joëlle, Stéphane na Carlos, kisha mwaka 1999 akarudi kufundisha hapa mjini mpaka mwili ulipokataa.

Kila Ijumaa aliwadai wanafunzi TP, yaani kazi ya vitendo, ya ukurasa mmoja, mstari wa rula katikati, juu uandike silabusi inasema nini, chini uandike wiki hiyo umeona nini kwa macho yako, siku gani na mahali gani, na aliyeandika "watu wanasema" alipewa sifuri pamoja na maneno mliyoyazoea: "Macho yako iko wapi, weye?"

Tarehe 12 Mei 2023 mwanafunzi wake Danielle, ambaye namwona pale ameinamisha kichwa, aliandika juu ya mstari kwamba vumbi la mawe hulala mapafuni miaka ishirini na zaidi, na kwamba kifua kikuu hupenda kujenga humo, kisha chini ya mstari akaandika kwamba Jumatano mwalimu wake alisimama mara tatu kupumzika kati ya mlango na ubao, akakohoa kwenye leso, akaificha. Kaka alimpa kumi na mbili juu ya ishirini, akaandika kwa wino mwekundu kwamba mfano mmoja hautoshi, chunguza wengine. Alinionyesha, tukacheka wote wawili, akasema, "Miye iko na kikohozi tu ya saison sèche," yaani ya kiangazi, nami nikakubali, na leo ninaona haya kulisema hili mbele ya jeneza.

Mtoto wa watu alitii, akawatafuta waliosaga mawe pamoja na kaka, baada ya wiki mbili akaleta karatasi ya pili: wanaume saba, wanne wamezikwa, wawili hawawezi tena kupanda kilima, wa saba ni mwalimu. Hiyo kaka hakuisahihisha wala hakuirudisha, aliitia mkobani akaendelea kufundisha.

Alianguka darasani tarehe 22 Novemba 2024, daktari akampiga picha ya kifua, akatuambia kwamba vumbi lisingetoka kamwe, lakini kifua kikuu kingetibika kama angekuja mapema. Mwezi wa Februari aliomba mkoba wake, akatoa ile karatasi, akaipa kumi na tisa, maana tangu zamani alituambia kwamba ishirini ni ya Mungu na kumi na tisa ni ya profesa. Alikata roho Jumatatu tarehe 3 Machi 2025, saa kumi alasiri, akiwa na miaka hamsini na minane.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliohangaika naye, majirani waliopika na kubeba viti, walimu wenzake walioshika masomo yake. Danielle, karatasi yako hii hapa, njoo uichukue, hukumwombea kifo kama wengine wanavyonong'ona, ulimwona, sisi tuliokula naye sahani moja ndio tuliofumba macho. Chini ya mstari kaka ameongeza: "Wawili bado wako hai." Kesho asubuhi nitawapeleka hao wawili hospitali mimi mwenyewe, hata wakicheka.

Kaka, kikohozi kimekwisha, lala kwa amani.