Mama Kirit na Diwali ya Gongoni

Ndugu, jamaa na majirani mliofika, tunaomba utulivu wenu, tumkumbuke mama yetu kabla hatujamtoa nyumbani kwake.

Marehemu Hansa Jamnadas, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mama Kirit, alizaliwa hapa Tabora tarehe 4 Machi 1912, binti wa fundi cherehani wa Porbandar, India, aliyefuata njia ya misafara kwa miguu kutoka Bagamoyo kabla reli haijafika. Alisoma hapa mjini hadi darasa la tano, mwaka 1924, akatolewa shule amuuguze mama yake, jambo ambalo hakulisamehe. Alishona nguo na kufundisha ushonaji maisha yake yote, akaolewa na Bwana Vallabhdas Popat tarehe 11 Mei 1931, wakajaliwa watoto wawili, Kirit na Nirmala. Mumewe alifariki mwaka 1968, na watoto waliohamia Uingereza walipomsihi awafuate, aliwauliza nani atawasha taa za Diwali hapa mtaani Gongoni.

Diwali yenyewe, sikukuu ya taa ya Wahindu, ilimtoa jasho. Kila mwaka alipaka nyumba chokaa, akachora maua ya unga wa mchele mlangoni, kuku wa jirani yake Kuluthumu wakayadonoa, na kila mwaka watu walewale walimuuliza hizo taa ni za nini.

Tarehe 13 Novemba 1974, mwaka wa njaa na foleni, jua lilipozama tu, balozi wetu wa nyumba kumi, Ndugu Twalibu, alimjia.

“Shikamoo, Mama Kirit. Zima taa. Mafuta hayapatikani, huu ni ubadhirifu.”

“Marahaba. Twalibu, nimekueleza tangu unavaa kaptula! Rama, mwana wa mfalme, alifukuzwa kwao, akakaa porini miaka kumi na minne, siku anarudi na mkewe Sita hapakuwa na mwezi, watu wa mji wake, Ayodhya, wakawasha taa wasipotee njia. Babu yako mpagazi akirudi kutoka pwani, hakungojewa na mtu?”

“Amri ni amri, Mama.”

Mama Kirit alizizima kwa vidole, akaacha moja tu, akaketi barazani akinung’unika Kigujarati. Ndipo Kuluthumu akatoa kibatari chake, akakiweka kizingitini, akisema mafuta ni yake, akiyawasha ndani au nje ni shauri yake. Akafuata Yoramu fundi baiskeli, Mmoraviani, kisha nyumba kwa nyumba, hata Ndugu Twalibu akamkuta mkewe, Batuli, amepiga magoti na taa mlangoni kwake mwenyewe, akaingia ndani bila kuizima. Mama Kirit hakutoa shukrani, bali alipita akiwagombeza waliozificha taa nyuma ya milango, akirudia kisa cha Rama tangu mwanzo, kisha akagawa ladu, vitonge vitamu vya unga na sukari guru, nusu nusu, maana hazikutosha.

Alianza kuugua moyo Januari 1976, akalazwa mara mbili, akafariki alfajiri ya tarehe 19 Juni 1976.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliovumilia kugombezwa kwa ajili ya chai, majirani waliomhudumia kwa zamu, wanafunzi wake wa cherehani, na Ndugu Twalibu, aliyetafuta hadi Puge kuni za kuuchoma mwili, kama desturi ya Wahindu, tulipoambiwa hazipatikani. Kirit, aliyekuja kumuuguza, ndiye atakayewasha moto. Wengi wenu hamjawahi kuona maziko ya namna hii, msisimame mbali, sogeeni, huyu ni wenu.

Mama Kirit, pumzika kwa amani.