Laurent Anafika Jumapili, Saa Sita na Dakika Saba

Msiniletee habari za kusimuliwa, mimi nilikuwepo. Kila neno lililosemwa kwenye lile benchi la Base Camp, kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, mwaka 2014, lilipita kwenye masikio yangu haya mawili, na kila kilichotendeka nilikitazama kwa macho ambayo hata daktari wa Mbarara aliyasifu. Mimi ndimi Mihigo, mlinzi wa chumba cha kompyuta, darasa la tano kasoro mtihani, na benchini wananiita Shahidi. Benchi lenyewe ni ubao mmoja juu ya matofali, umeegemea ukuta wa chumba hicho. Mbele yake Annonciata huweka jiko na birika, anauza kahawa ya tangawizi. Mwanawe Laurent ndiye aliyezitunza zile kompyuta nane mpaka alipopata safari ya kwenda nchi ya baridi, mwezi wa pili. Tangu hapo hakupiga simu, hakutuma barua. Ila kila Jumatatu asubuhi mimi, mwenye ufunguo, nilifungua mlango, nikawasha mashine kubwa, nikatoka na habari zake.

Maana Laurent alikuwa fundi wa viraka. Kompyuta zetu zinaendeshwa na Linux, programu isiyouzwa, nayo ni kama suruali ya mkulima: haikai mwezi bila kupata tundu mahali. Fundi mwingine angevuta kila kitu upya kutoka mtandaoni, mara nane, na bando lingekata roho kabla ya chai. Laurent aliifanya mashine kubwa ivute mara moja tu, tena vile vipande vilivyobadilika basi, halafu zile saba ndogo zinyonye kwake kama watoto wa mbuzi. Na alikuwa na sheria moja. Hakuna kiraka bila maandishi: siku, saa, kilichobadilika, sababu, na kwa amri ya nani.

— Papa Mihigo, aliniambia siku ananifundisha kuyafungua yale maandishi, kiraka isiyo na jina ni mwizi aliyepita mu dirisha.

Jumatatu moja ya mwezi wa tisa nikatoka nje kama kawaida. Annonciata alikuwa amesimama, birika mkononi. Maandishi ya mashine ni ya Kiingereza, naye Kiingereza hasomi.

— Shahidi, alikuya?

— Alikuja, mama. Jana, saa sita na dakika saba mchana. Viraka vitatu. Kwa amri ya Laurent. Na chini yake: mama, niko muzima.

Alifumba macho kidogo. Kisha akanimiminia kikombe cha kwanza, kimejaa mpaka ukingoni.

— Munaona? akasema Nehemiya. Huyu tunamwita Pasta, ingawa kanisani anaongoza kwaya tu. Ni lile koti lake la kichungaji linalotudanganya. Saa sita ya Jumapili, akaendelea, wakati batu yote tuko mu kanisa! Mwili iko kule mu baridi, roho ndiyo inakuya huku. Wazee balisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.

— Jembe imeingiaje hapo, Pasta? akauliza Turbo. Turbo ni Karekezi wa Kakoba, anayeleta abiria kwa pikipiki kutoka Mbarara kisha anasahau kurudi.

— Kiraka ni jembe ya roho.

— Wapi! Mimi nasema ukweli, ssebo. Ile kijana sasa ni mkubwa ya satelaiti. Anakaa kwa ofisi ya vioo, anabonyeza Nakivale, anabonyeza kambi ya Oruchinga. Hata umeme ya Mbarara ni yeye anazima.

— Umeme wa Mbarara unazimika wenyewe, nikamwambia.

— Eeh, kwa amri yake! Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Ndiyo maana alipanda ndege.

Nikaona wananipita, na mimi ndiye mwenye ufunguo.

— Nyie mnabahatisha. Mimi Pasaka nilikuwa zamu. Saa sita na dakika saba vitufe vilishuka vyenyewe, kimoja kimoja, kama mtu anapiga kinanda. Chumba kikajaa harufu ya sabuni yake.

— Sabuni gani? akauliza Annonciata.

— Ile ya bluu, mama.

— Ndiyo ile, akasema, akageukia jiko.

Asubuhi hiyo Turbo alikuwa amemleta fundi mpya, dada mmoja mwembamba aitwaye Benitha, aliyetumwa kutoka Mbarara azitunze zile mashine. Nilikuwa nimemfungulia chumba. Hapo akatoka na karatasi mkononi, amenakili yale maandishi ya mashine, akaketi ukingoni mwa ubao. Pasta akamkaribisha kwa kumwambia mgeni njoo, mwenyeji apone. Annonciata akampa kahawa.

— Samahani, wazee. Huyu Laurent ni nani?

— Ni mwana wangu, Annonciata akawahi. Banamupeleka mbali, lakini anakuyaka hapa kila Jumapili.

Benitha akaitazama karatasi muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

— Hapa kuna Jumapili thelathini, mama. Zote saa sita na dakika saba. Hata moja haikuchelewa. Alikuwa mtu wa saa namna hiyo?

Pasta alilijua jibu. Kwenye kwaya Laurent alikuwa anaingia wimbo wa tatu. Turbo naye alikuwa amewahi kumkimbiza kwenye usaili wa safari, wakakuta meza zinakunjwa.

— Laurent? Annonciata akacheka. Ata kuzaliwa alichelewaka! Siku ya ndege basi ya safari ilimungojea, yeye iko anatafuta kiatu moja chini ya kitanda...

Kicheko kikamwishia katikati.

— Basi si yeye, mama, Benitha akasema taratibu. Aliacha agizo ndani ya mashine kabla ya kuondoka. Mchana wa Jumapili sola imejaa, chumba ni kitupu, mashine inajivutia viraka yenyewe. Inaandika jina lake kwa sababu agizo ni lake. Alifanya kazi safi sana. Lakini yeye mwenyewe hajaingia humu tangu mwezi wa pili.

— Na ile maneno yake?

— Maneno gani, mama?

Pasta alitafuta kitu kwenye mfuko wa koti. Turbo akaanza kuukagua mnyororo wa pikipiki. Mimi nikaitazama barabara ya Kashojwa kana kwamba kuna mtu namngojea. Annonciata hakumtazama Benitha. Alinitazama mimi. Akainua birika, akaliinamisha juu ya kikombe changu, na kilichotoka ni machicha ya tangawizi.

— Imeisha, akasema.

Akamwagia makaa maji, akabeba jiko likifuka moshi, akaenda.

Jumatatu iliyofuata alirudi, akawasha moto mahali pale pale. Nilitoka chumbani nikasimama mlangoni. Hakuuliza kitu. Alimmiminia Pasta, akammiminia Turbo, kisha mimi, mwisho, na kahawa ikafika ukingoni.

Basi haya yote niliyashuhudia, na vile vitufe mpaka leo sirudi nyuma. Kitu kimoja tu nilikitunga, na kwa kuwa sheria ya Laurent ni sheria, nakiandika inavyotakiwa. Siku: Jumatatu zote, kuanzia mwezi wa tatu. Kilichoongezwa: mama, niko muzima. Kwa amri ya: Mihigo, mlinzi. Sababu: alikuwa amesimama na birika, na kwangu pia hakuna barua ya mtu wangu iliyowahi kufika.