Mama Nyufa, Aliyekataa Kutia Saini

Ndugu, jamaa na marafiki, majirani mlioacha shughuli zenu, nanyi mliofanya naye kazi, familia imemsimamisha hapa mtoto wa mwisho wa marehemu asome maisha ya mama yake, na imemwagiza asiruke wala kulainisha kitu, kwa sababu marehemu mwenyewe, akisikia historia laini msibani, alikuwa anakohoa mpaka watu wanageuka.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mama Nyufa, alizaliwa tarehe 19 Agosti 1953, mtoto wa nne na binti wa pekee wa fundi baiskeli na mshona nguo, katika nyumba ya vyumba viwili ambayo chumba chake cha mbele kilikuwa karakana, hivyo alijifunza kutambaa katikati ya minyororo na spoki, na kaka zake wanakumbuka kwamba baiskeli ikiletwa imevunjika, yeye aliuliza kwanza imevunjikia wapi, halafu ndipo aulize nani ameumia, tabia ambayo bibi yake aliiita utovu wa adabu na baba yake akaiita akili.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1961 hadi 1967, sekondari kuanzia 1968 hadi 1973, na mwaka 1974 akaingia chuo kikuu kusomea uhandisi, mwanamke pekee katika darasa la watu thelathini na wanane, na siku ya kwanza ya mafunzo ya karakana mwalimu alimkabidhi ufagio akidhani ni mfanya usafi, naye akafagia karakana yote, akarudisha ufagio mahali pake, akavaa aproni, akauliza mashine yake ni ipi.

Baada ya kuhitimu mwaka 1978, aliajiriwa tarehe 2 Oktoba mwaka huohuo katika maabara ya vyuma ya idara ya ujenzi, chumba kirefu chenye sakafu ya saruji na mashine moja kubwa ya kuvuta chuma mpaka kikatike, na kazi yake ilikuwa kupima nguvu ya viungo vilivyochomelewa, yaani pale ambapo fundi ameyeyusha vyuma viwili vikawa kimoja, na humo ndimo alimofahamiana na baba yetu, huyu aliyeketi mbele yenu, ambaye wakati huo alikuwa fundi wa kuchomelea mwenye sifa mjini kote na kiburi cha kutosha watu watatu.

Mwezi Mei 1980 vipande sita vya majaribio vya fundi huyo vililetwa maabara, vitano vikakatika palepale kwenye kiungo, naye akaja mbio kulalamika kwamba mkono wake ulikuwa unachomelea tangu huyo binti ananyonya, na marehemu akampa msumeno wa chuma na kile kipande cha sita kilichobaki, akamwambia, "Kikate mwenyewe, baba, halafu utazame," fundi akakata, akatazama, akaona ufa mwembamba kama unywele umepita ndani ya chuma alichokiapia, akaondoka bila kuaga, na baada ya wiki moja akarudi na vipande vingine sita pamoja na swali, kwamba ufa ule umeingia lini, maana yeye alipomaliza kazi haukuwepo, haki ya Mungu.

Swali hilo ndilo lililokuwa kazi yake ya maisha, nalo ndilo lililozaa ndoa, kwani walifunga ndoa tarehe 12 Desemba 1981 na kujaliwa watoto watatu, wa kwanza mwaka 1982, wa pili mwaka 1985, na wa tatu, anayesoma hapa, mwaka 1990, na kati ya mwaka 1984 na 1987, akilea na kufanya kazi, marehemu alifanya utafiti wa shahada ya juu kwa kuvunja viungo mia nne na kumi na viwili, akathibitisha kwamba fundi akitumia vijiti vya kuchomelea vilivyonyonya unyevu, unyevu ule hugeuka gesi na kuingia ndani ya chuma kikiwa cha moto, chuma kikipoa gesi inabanwa humo, na ufa hauonekani siku hiyo, unafunguka siku ya pili au ya tatu, wakati mkaguzi ameshatia saini na kwenda zake.

Kwa lugha nyepesi, alikuwa anawaambia wakubwa kwamba ukaguzi wao wote wa siku ileile ulikuwa kupima homa ya mtu kabla hajaugua, na wakubwa hawakupenda, ndipo mkurugenzi wake alipombandika jina la Mama Nyufa, akikusudia kumdhihaki, na marehemu akaliandika jina hilo kwa rangi nyeupe kwenye kofia yake ngumu ya kazini.

Sasa tunafika mwezi Juni 1990, sehemu ambayo baadhi ya watu waliiomba familia iipite haraka, na familia haitaipita haraka.

Daraja la chuma la waenda kwa miguu, la kuvuka reli kutoka makazi ya wafanyakazi kwenda shuleni, lilichomelewa viungo vyake vya mwisho thelathini na sita Alhamisi tarehe 7, na ufunguzi ulipangwa kesho yake saa nne asubuhi, wageni wamealikwa na viti vimepangwa, na alasiri ile marehemu alipaka viungo vyote rangi nyekundu inayopenya kwenye nyufa, asione kitu, lakini akakataa kutia saini, na mkurugenzi alipomuuliza, "Umekuta ufa?" akajibu, "Sijakuta," akaambiwa, "Basi tia saini," akasema, "Sijaukuta kwa sababu haujazaliwa, nipe mpaka Jumamosi."

Hakupewa, saini ikatafutwa kwa mkaguzi mwenzake, na asubuhi ya Ijumaa marehemu, akiwa na mimba ya miezi sita, alibeba kiti chake cha ofisini, akakipandisha ngazi za daraja, akakiweka katikati ya ngazi ya saba, akakaa, na askari wawili waliotumwa kumwondoa walitazama lile tumbo, wakatazamana, mmoja akamnong'oneza mwenzake, "Mguse wewe," hakuna aliyegusa, na wageni walisubiri juani kwa muda wa saa mbili na nusu, wakaambiwa kuna hitilafu ndogo ya umeme, wakaondoka.

Watu wengi humsifu kwamba hakuogopa, nayo si kweli, kwani alituambia watoto wake mara nyingi kwamba kila alipofikiria Jumamosi alijikuta hajui aombe nini, maana nyufa zisipotokea atakuwa kichekesho na kazi ameipoteza, zikitokea basi ni watoto wa shule ambao wangekuwa juu ya daraja, na kwamba aliona aibu alipogundua kuwa kuna dakika aliombea nyufa.

Jumamosi alasiri mkaguzi yule aliyetia saini alikuja mwenyewe na kopo la rangi nyekundu, bila kuitwa, akashika taa huku marehemu akipaka na kufuta, na ni yeye, kwenye kiungo cha nne, aliyesema kwa sauti ambayo watu wa chini waliisikia, "Upo," na hadi wanamaliza, viungo kumi na kimoja kati ya thelathini na sita vilikuwa vimepasuka.

Daraja lilichomelewa upya kwa vijiti vilivyokaushwa kwenye tanuri, likafunguliwa mwezi Agosti, na linatumika hadi leo, lakini marehemu hakualikwa kwenye ufunguzi huo, kwa sababu tarehe 2 Julai 1990 alihamishiwa ghala la nyaraka, chumba kisicho na dirisha chini ya ngazi, kwa barua iliyosema kwamba anahitaji mazingira tulivu kutokana na hali yake, na hali yake ikaisha Septemba huku mazingira tulivu yakiendelea kwa miaka sita.

Waliomtupa mle walisahau kitu kimoja, kwamba ghala lile lilikuwa na taarifa zote za ukaguzi na za matengenezo za miaka ishirini na mbili, naye akazisoma zote, faili moja baada ya jingine, akiandika ukaguzi ulifanyika saa ngapi baada ya kuchomelea na ufa ulionekana lini, na mwaka 1995 akachapisha makala iliyoonyesha kwamba viungo vilivyokaguliwa siku ileile vilirudi kutengenezwa mara tano zaidi ya vile vilivyoachwa siku mbili, makala ambayo wakubwa hawakuweza kuipinga kwa kuwa kila tarakimu ndani yake ilitoka kwenye makaratasi waliyoyatia saini wenyewe.

Alirudishwa maabara mwezi Oktoba 1996, na mwaka uliofuata kanuni mpya ikatolewa, kwamba hakuna kiungo cha daraja, tangi wala mtungi mkubwa kitakachokaguliwa kabla ya saa arobaini na nane kupita, na kanuni hiyo ina kurasa kumi na nne na majina tisa, jina lake halimo, hivyo familia inalisema hapa mbele ya watu na kweupe, kwamba kanuni ile ni ya Mama Nyufa, na asiyekubali asimame.

Alistaafu tarehe 19 Agosti 2013, akaendelea kufundisha mafundi vijana katika karakana ya mume wake, hadi mwezi Februari 2022 alipoanza kuishiwa pumzi, ikagundulika kuwa valvu ya moyo wake imechakaa, akafanyiwa upasuaji tarehe 11 Aprili baada ya kumhoji daktari kwa saa nzima kuhusu mshono, akapata karibu miaka miwili ambayo hatukuahidiwa, na hatimaye moyo ukachoka, akafariki Jumamosi tarehe 2 Machi 2024, saa nane mchana, akiwa na umri wa miaka sabini, mkono wake ukiwa ndani ya mikono ya baba yetu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliojibu maswali yake yote bila kununa, majirani waliopika, waliofua na waliokaa, wafanyakazi wenzake wa maabara, na kwa namna ya pekee mkaguzi aliyeshika taa ile, ambaye wakati wa ugonjwa alimtembelea kila Jumapili, na ambaye hatuna kinyongo naye kwa sababu marehemu hakuwa nacho.

Tunaishukuru pia idara kwa shada la maua na kadi yake, isipokuwa kadi hiyo inamwita marehemu mtumishi mtiifu, na baba yetu, baada ya kuisoma asubuhi ya leo, ameomba kalamu, akalikata neno mtiifu kwa mstari mmoja ulionyooka, akairudisha kadi kwenye maua, na hivyo ndivyo itakavyokwenda naye kaburini.

Pumzika kwa amani, mama, na ukiulizwa huko kwa nini hukutia saini, waeleze kama ulivyotueleza sisi.