Dada Tumefunga na Mdogo Wake Fundi

Karibuni, wasikilizaji wapendwa. Sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka mwanamke ambaye wengi wenu hamkuwahi kuisikia sauti yake, ingawa sauti ndiyo iliyokuwa kazi yake.

Alifanya kazi kwenye kituo chenye darubini kubwa ya kutazamia nyota. Yeye hakutazama nyota. Aliwapigia simu wataalamu wa nyota na kuwaambia kama mitambo ni mizima au inatengenezwa. Basi. Na haikuwa kazi ndogo.

Maana mtaalamu wa nyota hungoja zamu yake muda mrefu. Kafunga begi, kaaga watoto, mara simu inalia. "Tumefunga." Hilo ndilo lilikuwa neno lake la kwanza, hata salamu bado. Kisha anaeleza taratibu: kioo kinaoshwa, fundi yuko kazini, nitakupigia tena jioni. Na jioni anapiga kweli, hata kama hana jipya. Wakambandika jina: Dada Tumefunga.

"Walikuwa wanamsonya simuni," anasema binti yake. "Mama anakata simu, anapiga funda la chai, anampigia mwingine."

Sasa, alikuwa na mdogo wake wa kiume. Mama yao alifariki mdogo huyo akiwa bado anatambaa. Dada ndiye aliyembeba mgongoni. Dada ndiye aliyemuombea kazi ya ufundi pale pale kituoni. Narudia, wasikilizaji wapendwa: alikuwa mdogo wake, lakini alimlea kama mwanawe.

Mwaka mmoja ikatokea nyota yenye mkia, ile ya kupita mara moja watu wakazeeka na kufa bila kuiona tena. Wataalamu wakaja mbiombio. Mchana ule mafundi wakajaribu kuzungusha kuba, lile paa la mviringo linalofunguka juu ya darubini. Likatoa mlio mbaya. Dada akapanda ngazi mwenyewe, akatazama. Gurudumu moja lilikuwa na ufa.

"Huo ni mkwaruzo tu, dada," mdogo wake akamwambia. "Nitakaa juu pale na nondo na kopo la grisi. Likikwama nalisukuma. Asubuhi tunalibadilisha."

"Likipasuka wewe uko wapi?"

"Halipasuki."

"Nimekuuliza, wewe uko wapi?"

Mkuu wa kituo alikuwa safarini, na neno la kufunga au kufungua lilikuwa limeachwa mikononi mwa dada. Akashuka, akashika simu. "Tumefunga. Gurudumu la kuba lina ufa. Fundi hatapanda."

Mtaalamu mmoja alilia kabisa. "Mama, umetunyima kitu ambacho hata wajukuu wetu hawatakiona!" Dada akamjibu, "Najua, baba. Pole sana." Akampigia mwingine.

Lakini lililomchoma mdogo wake ni yale maneno mawili: fundi hatapanda. Karakana nzima iliyasikia. Wenzake wakapata cha kuchezea. "Jamani, shikeni ngazi, mtoto wa dada asije akaanguka! Umeomba ruhusa ya kwenda chooni?" Akamfuata dada yake mezani. "Umenivua nguo mbele ya watu," akamwambia. Akaomba uhamisho, akaondoka, akakata mguu nyumbani kwa dada.

Miaka ikapita. Gurudumu lilishatupwa kwenye vyuma chakavu, na hakuna aliyejua kama kweli lingepasuka. Hicho ndicho kilichomtesa dada, wasikilizaji wapendwa. Angekosea, angeomba radhi. Angepatia, angejitetea. Hakuwa na lolote mkononi. Kila sikukuu alimpigia mdogo wake, na simu ikaita mpaka ikakatika yenyewe.

Kisha akaugua, na haukuwa ugonjwa wa kupona. Binti yake akampelekea mjomba wake habari. Safari hii alikuja.

Alifika wodini mchana, akasimama mlangoni kama mgeni. Dada alikuwa amefumba macho. Pazia la dirishani lilikuwa limechomoka upande mmoja, jua linampiga usoni. Fundi ni fundi. Akavuta kiti, akapanda, akaanza kulirudishia.

"Shuka," sauti ikatoka kitandani. "Kiti hicho kibovu."

"Nimekipima, dada. Kizima."

"Shuka, mwanangu."

Anasimulia mwenyewe: "Nilitaka kubisha. Mdomo ulishafunguka. Nikamwangalia, amebaki mifupa mitupu, na bado roho iko juu kwa ajili yangu. Nikashuka. Nikakaa kitandani, nikamkinga jua kwa mgongo wangu. Alinishika kidole, akalala."

Hakuzungumza tena. Aliaga dunia siku iliyofuata, mdogo wake akiwa bado ameketi upande ule wa dirisha.

Tunampa pole fundi huyo. Tunampa pole binti wa marehemu, wajukuu, na wote waliowahi kumsonya simuni na leo wanamlilia. Mungu ampumzishe.

Nanyi, wasikilizaji wapendwa, zimeni redio kidogo mkae kimya. Kila mmoja wenu ana mtu aliyewahi kumzuia jambo, na mpaka leo bado anamnunia mtu huyo. Yule fundi alipata mchana mmoja tu. Anasema hautoshi.